Mwalimu Nyerere na Uwanja wa Kijiji

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na vingi kati ya hivyo humweleza kama mpigania uhuru na mkuu wa nchi. Katika makala haya hatukusudii kuyarudia yote hayo. Tunataka kuyatazama maisha yake kwa jicho la mwalimu wa shule ya msingi, na kulifuata jambo moja tu: namna alivyofikiri juu ya mahali. Mtoto hujifunzia wapi? Watu wazima hukutania wapi? Je, mahali pa kuchezea, pa kusomea, pa kufanyia kazi na pa kuishi pawe pamoja, au patenganishwe kwa ukuta? Mwalimu aliishi na maswali haya tangu utoto hata uzee, na majibu aliyoyatoa yalifika mpaka katika wilaya zetu za Handeni na Korogwe. Wengi wenu, ndugu wanachuo, mlizaliwa baada ya kifo chake; kwa hiyo yafaa tuanze mwanzo.

Utoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mara. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Ingawa alikuwa mtoto wa mtemi, Kambarage hakulelewa kama mwana wa tajiri. Alichunga mbuzi, akamsaidia mama yake shambani, akacheza na watoto wenzake.

Katika mazingira hayo mtoto hakutengewa chumba cha kujifunzia. Alijifunza pale pale watu wazima walipoishi. Wazee walikaa chini ya mti wakayajadili mambo mpaka wakakubaliana, na watoto waliona. Mwalimu alipokuwa kiongozi aliandika mara nyingi juu ya desturi hiyo, akiihesabu kuwa ni mzizi wa demokrasia ya Kiafrika. Hapo hapo ndipo ulipochezwa mchezo wa soro, ambao ni ndugu wa bao letu la pwani.

Kambarage aliupenda mchezo huo na akaujua vizuri. Inasimuliwa kwamba mtemi mmoja wa nchi ya jirani alicheza naye, akastaajabia jinsi mtoto yule alivyohesabu kete na kuona mbele, akamshauri baba yake ampeleke shule. Hapa pana jambo la kutafakari. Akili ya mtoto huyu haikugunduliwa darasani, maana darasa hakuwa nalo. Wala haikugunduliwa kwa mtihani. Iligunduliwa mchezoni, mahali ambapo mtoto na mzee waliweza kukaa pamoja, kila mmoja akamtazama mwenzake akifikiri. Kama uwanja ule ungekuwa wa wazee peke yao, pengine mlango wa shule usingefunguka.

Safari ya kuondoka nyumbani

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Ilikuwa shule ya bweni, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka kwao. Alifanya vizuri mno, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora. Shule hiyo ilifuata mfano wa shule za mabwenyenye wa Uingereza, pamoja na viranja waliopewa heshima na nafuu za pekee. Kijana Nyerere alishiriki katika midahalo, akafaulu masomo yake, lakini hakupendezwa na nafuu zile za viranja. Mwaka 1943 aliingia Chuo cha Makerere nchini Uganda kusomea ualimu, akamaliza mwaka 1945. Katika kipindi hicho alibatizwa, akapewa jina la Julius.

Tazameni ramani ya safari hiyo: Butiama, Musoma, Tabora, Kampala. Kila ngazi ya elimu ilimpeleka mbali zaidi na watu wake. Si kwamba walimu wake walikuwa wabaya. La hasha, wengine aliwaheshimu maisha yake yote. Lakini shule ya kikoloni ilikuwa imepangwa hivyo. Ilimchukua mtoto mmoja kati ya wengi, ikamwondoa uwanjani kwao, ikamtia mahali penye ua na kengele, na kumwandaa kwa kazi ambayo haikuwapo kijijini. Wale waliobaki hawakupata kitu. Yule aliyekwenda aghalabu hakurudi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye jambo hili ndilo lililokuwa kiini cha maandishi yake juu ya elimu.

Mwalimu na udongo

Tangu mwaka 1946 Nyerere alifundisha katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mchana alikuwa darasani, na jioni aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila malipo. Kwa hiyo tangu mwanzo wa kazi yake ualimu haukuishia kengele ilipopigwa.

Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akahitimu shahada yake mwaka 1952. Aliporudi Butiama alianza kujenga nyumba ya kuishi na mchumba wake, Maria Gabriel, ambaye alimwoa Januari 1953. Husimuliwa kwamba aliukanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, na wanakijiji wakashangaa kumwona msomi aliyetoka Ulaya akichafuka kwa tope. Mshangao huo unatufundisha mengi. Watu walikuwa wamekwisha amini kwamba elimu ni ngazi ya kutorokea kazi ya mikono, na mtu aliyesoma kisha akakanyaga udongo alionekana kama amepotewa na akili.

Baadaye alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Ikafika siku ambayo alitakiwa kuchagua kati ya darasa na siasa. Machi 1955 akajiuzulu kazi ya kufundisha. Darasa aliliacha, lakini jina la Mwalimu halikumwacha. Mapambano ya uhuru tutayapita kwa haraka, maana mnayajua: Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata ikawa jamhuri, naye akawa Rais wake wa kwanza.

Shule iwe sehemu ya kijiji

Mara alipokuwa Rais, Desemba 1962, Mwalimu alianza kueleza kwamba watu waliotawanyika mbalimbali hawawezi kupata shule, maji wala zahanati. Ni lazima wakae karibu karibu katika vijiji. Mwaka 1967 wazo hilo lilipata sura kamili. Februari lilitoka Azimio la Arusha. Machi yakafuata maandishi yake yajulikanayo kama Elimu ya Kujitegemea. Septemba yakafuata yale ya Ujamaa Vijijini.

Walimu wengi huikumbuka Elimu ya Kujitegemea kwa ajili ya mashamba ya shule. Walakini ukiisoma kwa makini utaona kwamba hoja yake ni pana zaidi ya jembe. Mwalimu alilalamika kwamba shule ilikuwa imejitenga na jamii yake. Kwamba iliwafanya watoto waamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni, na kuwa mzee asiyejua kusoma hana la kuwafunza. Alitaka kila shule iwe jumuiya yenyewe, yenye shamba au karakana yake, ambamo walimu na wanafunzi wanapanga na kuamua mambo pamoja. Alitaka shule ya msingi iwe sehemu ya maisha ya kijiji, hata iwe vigumu kuonyesha ni wapi kijiji kinakwisha na shule inaanza.

Huu ulikuwa mpango wa mahali, wala si mpango wa masomo tu. Kwa maana nyingine, Mwalimu alitaka kuurudisha ule uwanja wa Butiama ambamo mtoto, mzee, mchezo na mashauri vilikuwa pamoja, lakini safari hii uwe na vitabu, ubao na mwalimu aliyefunzwa.

Hakuishia kuandika. Mwaka 1971, wakati wa kuanzisha vijiji mkoani Dodoma, alikaa Chamwino akafyatua matofali pamoja na wananchi. Msomi yule aliyekanyaga udongo wa nyumba yake sasa alikanyaga udongo wa kijiji.

Jaribio la Kwamsisi

Hapa ndipo maisha ya Mwalimu yanapokutana na historia ya mahali petu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Chuo cha Ualimu Korogwe kilishiriki katika jaribio lililopata kujulikana sana kati ya watu wa elimu: jaribio la Kwamsisi, wilayani Handeni. Kwamsisi ilikuwa kijiji cha ujamaa chenye shule ya msingi. Swali la wakufunzi na wanachuo wa Korogwe lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulitenda: shule hii na kijiji hiki vitawezaje kuwa kitu kimoja?

Palifanyika juhudi ya kuyatoa masomo katika maisha ya wanakijiji wenyewe. Hesabu, afya, kilimo na siasa vilihusishwa na shughuli zilizokuwa zikiendelea kijijini. Kazi ya mikono ya wanafunzi ilikusudiwa kuwa sehemu ya kazi ya kijiji, na wazazi walitakiwa wawe na sauti katika shule yao badala ya kuitwa siku ya mchango tu. Fikra hiyo ilienezwa kwingine chini ya mpango wa MTUU, yaani mpango wa pamoja wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, uliokusudia kuziboresha shule za msingi na kuzifanya kuwa vituo vya jamii.

Twapaswa pia kusema wapi mambo yalikuwa mazito. Mwisho wa darasa la saba ulikuwapo mtihani, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mzazi wa Handeni, wilaya inayojua ukame na njaa, alijua kwamba mtihani ule ndio mlango pekee wa mwanawe kupata mshahara. Katika shule nyingi za aina hii wazazi waliona kwamba muda uliotumika shambani au katika shughuli za kijiji ulikuwa umeibwa kutoka kwa mtihani. Tusiwalaumu. Huwezi kumwambia mzazi kwamba kijiji ni shule, huku taifa lenyewe linampima mtoto kwa karatasi ya siku moja.

Tena katika shule nyingi nchini shamba la shule lilipoteza maana yake. Wanafunzi walilima bila kushirikishwa kupanga, na mara nyingine mavuno hawakuyaona. Jembe likawa adhabu ya wachelewaji. Hayo siyo aliyoyaandika Mwalimu, lakini ndiyo yaliyotendeka mahali pengi, na waliotenda tulikuwa sisi walimu.

Mistari iliyonyooka

Sasa tunafika mahali pagumu katika maisha ya mtu huyu mkubwa. Katika maandishi ya mwaka 1967 Mwalimu alisisitiza kwamba watu waingie katika vijiji vya ujamaa kwa hiari, baada ya kuelezwa na kuelewa. Lakini mwendo ulikuwa wa polepole. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa, na vijiji zaidi ya 7,000 vikaandikishwa.

Katika sehemu nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa pupa. Maofisa walipima viwanja kwa kamba, nyumba zikapangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara, na watu wakaambiwa wahamie. Wengine walijikuta mbali na mashamba yao, wengine mbali na maji. Mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Kwenye ramani kijiji kilikuwa na kila kitu: ofisi, shule, zahanati, uwanja. Walakini mti ambao wazee walizoea kukaa chini yake ulikuwa umebaki kule walikotoka.

Haki inatutaka tutaje upande wa pili. Kwa kuwa watu walikuwa karibu, shule ziliweza kujengwa upesi. Mwaka 1974 mkutano wa TANU mjini Musoma uliamua kuiharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza kutekelezwa nchini kote. Watoto ambao wazazi wao hawakupata kuona darasa walishika kalamu. Madarasa hayo hayo yalitumika jioni kwa elimu ya watu wazima, kampeni ambayo Mwalimu aliianzisha kwa nguvu mwaka 1970. Babu alikaa kwenye dawati la mjukuu wake. Jambo hilo ni tukufu, na halifutwi na makosa ya amri.

Basi, kosa lilikuwa nini? Kwa maoni yetu wazo la mahali pa pamoja lilikuwa jema. Lililokosewa ni njia. Uwanja wa Butiama haukuchorwa na mtu yeyote. Ulitokea kwa sababu watu walipapenda mahali pale. Amri inaweza kujenga uwanja, lakini haiwezi kuwafanya watu waupende. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu mwenyewe aliyataja waziwazi mafanikio na mapungufu ya nchi. Kiongozi anayejisahihisha mbele ya watu wake anafundisha somo lisilo katika kitabu cha mbinu.

Uzee na mwisho wake

Novemba 1985 Mwalimu aliondoka kwa hiari katika kiti cha Urais, akarudi Butiama kulima. Safari iliyokuwa imeanza mwaka 1934 sasa ilirejea ilikotoka, jambo ambalo wasomi wachache wa rika lake walilifanya. Alipokuwa nyumbani aliendelea kucheza bao na wazee wenzake, na mchezaji mzuri hakuhitaji cheo ili aketi naye. Alifariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 77, kwa maradhi ya saratani ya damu, akazikwa Butiama.

Mafunzo kwa mwalimu wa leo

Tumeyaeleza maisha haya ili yatusaidie kazini. Wilaya zimebadilika, Kilindi ilitengwa na Handeni mwaka 2002, na shule zimeongezeka. Hata hivyo mwanachuo atakayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika kijiji chochote cha Handeni au Korogwe atakuta maswali yale yale ya Mwalimu yakimngoja.

Kwanza, kabla hujachora uwanja, tazama watoto tayari wanacheza wapi. Kila kijiji kina mahali pa kombolela, pa rede na pa mdako, na watoto wana sababu za kupachagua: kivuli, udongo laini, au kuwa karibu na kisima wanakotumwa maji. Usihamishe mchezo kabla hujaielewa sababu hiyo. Mwenye kuhamisha bila kuuliza anarudia kosa la mistari iliyonyooka.

Pili, tumia vitu vilivyopo. Mashimo 32 yaliyochimbwa ardhini kwa mistari minne ya manane, pamoja na kete 64 za mbegu au kokoto, ni zana kamili ya kufundishia kuhesabu, kugawanya na kufikiri mbele. Kamba za mkonge hazina uhaba Korogwe. Mtoto atazirukia, atazipimia, atazifungia vigingi vya bustani. Viti vya udongo vilivyojengwa kuuzunguka mwembe ni darasa la asubuhi na baraza la jioni.

Tatu, acha nafasi ya wazee. Uwanja ambao mzee hana pa kukaa ni uwanja usio na masimulizi wala mashahidi. Mweke bibi ajuaye hadithi, mweke fundi wa kusuka mikeka, mweke mcheza bao. Huenda mmoja wao akaiona akili ya mtoto ambaye wewe, kwa wingi wa daftari za kusahihisha, umempita.

Nne, wanakijiji waamue na wewe, wala si baada yako. Mkutano wa kijiji ukichagua mahali, ukakubaliana nani atafagia, nani atapanda miti na nani atatunza ufunguo wa darasa jioni, uwanja huo utadumu hata baada ya wewe kuhamishwa. Usipofanya hivyo, mbuzi watakuwa wa kwanza kuutumia, na kuni za watu zitatoka katika uzio wake.

Tano, usiuogope mtihani wala usiuabudu. Mweleze mzazi waziwazi, kwa mfano wa kuonekana, jinsi mchezo unavyomsaidia mtoto katika hesabu na lugha. Mzazi akiona, hatadhani umemwibia mwanawe muda.

Kazi ya kufanya

Katika juma la kwanza la mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo achore ramani ya kijiji atakachokuwa. Asianze na shule. Aanze na mahali watu wanapokutania bila kuitwa: kisimani, mashineni, chini ya mti, kwenye kibaraza cha duka. Aonyeshe watoto wanacheza wapi na saa ngapi. Kisha ndipo aiweke shule katika ramani, na apime kwa hatua umbali uliopo kati yake na sehemu hizo. Ramani hizo ziletwe chuoni, zibandikwe ukutani pamoja, na zijadiliwe kwa swali moja: ni kitu gani kidogo, kisichohitaji fedha, kingeupunguza umbali huo?